Usiniambie Niwache Mawazo

Jumapili moja mwezi uliopita, saa mbili usiku, binti yangu wa Gredi ya Nne aliniambia tumbo linamuuma. Ilikuwa Jumapili ya tatu mfululizo. Nilikuwa napiga pasi sare yake, nimechoka, na kabla sijageuka mdomo wangu ukasema, "Wacha mawazo, Neema. Lala."

Akalala. Ama tuseme alifunga macho. Mimi nikabaki nimeshika pasi nikijiuliza ni nani huyo ameongea na sauti yangu.

Maana hayo maneno mimi nimeambiwa na kila mtu. Nimeambiwa na mama yangu, na shemeji, na mchungaji, na askari wa getini shuleni, na daktari mmoja aliyekuwa ameshika kalamu tayari kuandika kitu kingine. Wacha mawazo. Miaka sita sasa naishi na wasiwasi na sonona, vyote viwili ndani ya mwili mmoja, na kama kungekuwa na mahali pa kuyawacha haya mawazo, stoo fulani, kaunta ya mizigo pale steji, ningekuwa nimeyapeleka kitambo na risiti ningekuwa nayo mfukoni. Kwa hivyo leo nina ugomvi, na wa kwanza kugombwa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili huku Nakuru, mtanivumilia nikianzia kwenye maneno. Wasiwasi tunalitumia kila siku: nina wasiwasi mvua itanipata njiani, nina wasiwasi gari limeniacha. Huo una sababu, na sababu ikiisha nao unaisha. Ninaousema mimi unakuja bila mvua wala gari, unakaa kifuani, unakausha mdomo. Watu wa pwani walikuwa na jina lake, kiherehere cha moyo, kabla kiherehere hakijawa tabia ya mtu anayejiingiza kwenye mambo ya wenyewe. Sonona nayo ni ya ukoo mmoja na kusononeka, kuumia ndani kwa ndani bila jeraha la kumwonyesha mtu. Tanzania wamelichukua neno hilo wakalifanya jina la ugonjwa. Sisi Kenya tunasema msongo wa mawazo, na ndani yake tunatia kila kitu, kuanzia kodi ya nyumba hadi mechi ya Arsenal.

Watu wakisikia nina vyote viwili hunitazama kama mtu anayedanganya hesabu. Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu aliniuliza, kwa nia njema kabisa: "Lakini Mwalimu, mwenye wasiwasi si ni mtu anajali sana? Na mwenye hiyo ingine si ni mtu hajali kitu? Utakuwaje zote mbili?" Alidhani ni kama maji ya moto na ya baridi, ukiyachanganya kwenye beseni unapata ya kuoga.

Siku ile nilicheka tu. Wacha nimjibu hapa.

Muhula wa pili wa 2022 nilikuwa na insha 96 za Kidato cha Tatu, mikondo miwili, zimekaa kwenye meza ya nyumbani ndani ya mfuko wa unga. Saa kumi alfajiri naamshwa. Sijaamshwa na kengele wala jogoo, nimeamshwa na moyo, unadunda kana kwamba nimepanda Menengai mbio. Na unaongea. Insha hazijasahihishwa. Mwalimu Mkuu ataitisha alama Ijumaa. Utaitwa ofisini, utaandikiwa barua, mshahara utasimama, mkopo wa Sacco utakwama, wadhamini wako wataanza kukatwa, Neema atatumwa nyumbani kwa sababu ya karo, atasimama getini na mkoba mgongoni. Huo mkoba nauona hadi zipu yake iliyoharibika. Yote haya sijakaa kitako kitandani.

Mtu mwingine mwenye hofu ya namna hiyo angewasha taa asahihishe. Hofu ndiyo kazi yake hiyo, kukusukuma. Lakini hapo ndipo sonona inaamka upande wa pili wa kitanda, na yenyewe haina haraka. Inaniambia, hata ukisahihisha, halafu? Kuna zingine 96 wiki ijayo. Hao watoto unawafunza nini wewe? Mkono unakuwa mzito. Si mafumbo ya mwalimu wa fasihi, unakuwa mzito kweli, kunyanyua simu kuangalia saa ni kazi. Basi nalala pale nikitazama dari, mguu mmoja nje ya blanketi, mmoja ndani, mwili wote ukitetemeka kutaka kukimbia na hakuna anayeinuka.

Saa kumi na mbili kunapokucha insha bado ni 96. Sasa wasiwasi una ushahidi: si nilikwambia? Na sonona pia ina ushahidi: si nilikwambia hufai? Kesho yake saa kumi, wote wawili wanarudi na karatasi zao.

Hivyo ndivyo inavyokuwa zote mbili, Mwalimu. Havipozani. Kimoja kinamtengenezea mwenzake kazi. Simu usiyoipokea kwa sababu huna nguvu, kesho ni simu ya kuogopa. Mkutano wa chama unaoukosa kwa sababu ya kuogopa, wiki ijayo ni sababu ya kujiona takataka. Nilifika mahali nikawa nazunguka nyuma ya soko kurudi nyumbani ili nisipite kwa duka la mama anayeniuzia mboga, kwa sababu nilikuwa na deni lake la shilingi 140. Pesa nilikuwa nazo. Nilichokosa ni namna ya kuzitoa mfukoni mbele yake na kueleza kwa nini nilichelewa.

Mama Neema ndiye aliyekuja kulilipa. Hakuniambia. Niliambiwa na yule mama mwenyewe, miezi baadaye: "Mwalimu, ulipotelea wapi? Bibi yako alinilipa zamani."

Sasa washauri. Ukiwa na ugonjwa mmoja unapewa ushauri mbaya, ukiwa na miwili unapewa ushauri unaopigana. Wanaoona wasiwasi wanasema: pumzika, jipe nafasi, enda nyumbani ulale. Wanaoona sonona wanasema: usikae bure, jishughulishe, enda mazoezi, fuga kuku. Nikipumzika, wasiwasi unanila mzima mzima maana sasa una siku nzima bila kazi. Nikijishughulisha, naanza mambo matano kwa moto, na kufikia Alhamisi yote matano yamelala na kila moja linanitazama. Kuku nilifuga kweli. Sitaki kuongea kuhusu kuku.

Mchungaji alisema ni roho ya hofu, akaniombea kwa upendo, na ninamheshimu mpaka leo. Lakini alipomaliza aliniuliza kama nimeamini. Nikasema nimeamini. Asubuhi iliyofuata saa kumi moyo ulipoanza, juu ya yote nikawa pia mtu aliyemdanganya mchungaji.

Shemeji yangu yeye alikuwa mfupi: "Dipresheni ni ya wazungu, boss. Sisi tuna shida."

Hapo nataka kusimama, kwa sababu shemeji anadhani anaongea kama Mwafrika halisi, kumbe anamnukuu mzungu, na mzungu mwenyewe ninaweza kumtaja. Hospitali ya Mathari ilianza 1910 kama hifadhi ya wendawazimu ya Nairobi. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alieleza kwamba sonona ni nadra kwetu. Sababu zake? Mwafrika, kwa maoni yake, si mtu wa kujilaumu, mzigo wake unabebwa na ukoo na mizimu, na hata sehemu ya mbele ya ubongo wake haifanyi kazi sawasawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake nyingine, hiyo sasa ya kuieleza Mau Mau kwa saikolojia. Yaani hatuwezi kusononeka, lakini tukidai mashamba daktari anaitwa.

Na ushahidi wake ulikuwa upi? Alihesabu waliofikishwa Mathari. Nani alikuwa anafikishwa Mathari miaka ya 1940? Aliyevua nguo sokoni, aliyempiga chifu, aliyewasumbua watu. Mama aliyeketi mlangoni miezi mitatu hali, halali, moyo unamwenda mbio, huyo hakusumbua mtu. Alikuwa na mawazo. Akaachwa hapo. Mwaka wa 1979 watafiti wawili, Orley na Wing, walichapisha kazi yao waliyoifanya kwenye vijiji viwili vya Uganda, wakienda kwa watu nyumbani badala ya kungoja wapelekwe hospitalini, na wakakuta sonona nyingi kuliko iliyokuwa imepatikana kwa wanawake wa kitongoji cha London. Kwa hivyo shemeji, nakuheshimu, bia ya Krismasi tutakunywa pamoja, lakini hiyo hoja irudishe kwa mwenyewe.

Mama yangu alikuwa huyo mama wa mlangoni. Kwa miaka yote ninayoikumbuka alikuwa na "presha". Presha ilipimwa, ikakutwa iko sawa, akapewa za maumivu. Moyo wa mbio, kichwa kama kimefungwa kamba, joto linalopanda mgongoni, kulala saa nne na kuamka saa tisa, kuacha kwaya aliyoipenda. Zahanati ikaandika presha, ikaandika malaria, ikaandika vidonda vya tumbo. Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Alisema kinachouma, nao wakatibu kinachouma. Mara ya kwanza nilipomweleza yangu, nikitarajia "wacha mawazo", alisema hivyo hivyo. Halafu baada ya muda, akichambua maharagwe, akauliza bila kuniangalia: "Na mikono, baba? Mikono inakufa ganzi?"

Inakufa, mama.

Kuna kundi jingine nina maneno nalo, na hili ni la watu wazuri, wa upande wangu. Ni wale wa warsha za hotelini, wenye mabango na fulana za kijani, wanaosema tatizo la Waafrika ni kwamba lugha zetu hazina maneno ya haya magonjwa, kwa hivyo tufundishwe majina mawili ya Kiingereza kwanza, halafu tupone. Nimeketi kwenye hizo warsha. Chai ni nzuri. Lakini kama mtu anayekula kwa hii lugha nakataa. Neno tunalo. Ni mawazo.

Msikilize Mkenya yeyote akisema "huyo jamaa ana mawazo". Anamaanisha jamaa haongei, amekonda, halali, anashtuka akiitwa, ameacha kuja kwa mechi, anatembea barabarani bila kuangalia magari. Ndani ya neno moja kuna hofu na kuna huzuni, zimekaa pamoja, jinsi zilivyokaa kwangu saa kumi alfajiri. Wataalamu wameyagawa mara mbili, na wana sababu zao za kuyagawa, halafu inawabidi waeleze kwa nini wagonjwa wengi namna hii wana nusu zote mbili. Fundi wa viatu wa hapa kwetu hakuwahi kuyagawa.

Kosa letu liko kwenye kile tunachokitia mbele ya neno. Wacha. Ugonjwa mwingine gani tunauamrisha hivyo? Hakuna anayesema wacha malaria. Hakuna anayesema jikaze na hiyo sukari. Kwa sababu kuwaza ni kitendo, tunadhani mwenye mawazo anatenda, na anayetenda anaweza kuacha. Lakini Kiswahili hakisemi huyo mtu anawaza. Kinasema ana mawazo, kama ana homa. Sarufi imeshamwona mgonjwa kabla yetu.

Na si Kiswahili pekee. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. (Kwa sikio la Kiswahili linasikika kama kitu kilichofungwa hadi basi. Ni sadfa, kwao kufunga ni kuwaza, lakini mara ya kwanza kulisoma nilifunga kitabu kidogo nikapumua.) Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda hakungoja watu wajifunze majina ya Kiingereza. Mwaka wa 2006 alianza na akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafunza kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumuuliza kuhusu kufungisisa. Wanaliita Benchi la Urafiki. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yao inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Unazitaja shida zako zote, mnachagua moja, mnaitafutia njia ya kuanzia wiki hii. Walipofanya utafiti kwenye kliniki 24 za jiji, matokeo yakachapishwa 2016: baada ya miezi sita waliokaa na akina nyanya walikuwa na dalili chache sana, za sonona na za wasiwasi pia, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hakuna nyanya aliyesema wacha. Kazi yenyewe ni kuyafungua.

Huku kwetu mimi nilipewa fomu. Fomu mbili. Moja ina maswali tisa, ni ya sonona. Nyingine ina maswali saba, ni ya wasiwasi. Zote zilitengenezwa Marekani, zote zinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, zote zina alama kutoka 0 hadi 3, na si fomu mbaya, naomba nieleweke, zimesaidia watu wengi. Zote mbili zinauliza kama hutulii. Nilijibu mara mbili kwamba situlii. Mshauri akajumlisha, akakuna kichwa kwa kalamu, akasema ya wasiwasi iko juu kidogo, ya sonona iko katikati, basi tuanze na wasiwasi, hiyo ingine tutaiangalia baadaye. Kama seremala anayerekebisha mguu mmoja wa meza.

Lakini nikiwa mkweli, na nisipokuwa mkweli hapa sina haja ya kuandika, ile ya sonona ilikuwa katikati kwa sababu nilidanganya. Swali la tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba ni heri usingekuwepo. Niliandika 0.

Haikuwa 0. Nilikuwa nimefanya hesabu za bima ya mazishi.

Kwa nini niliandika 0? Kwa sababu nilikuwa nakijua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai la kufungwa hadi miaka miwili. Nilikuwa nimesoma magazetini kuhusu watu walioponea chupuchupu, wakatolewa wodini wakapelekwa kortini. Mimi sikuwa nimejaribu chochote, na kuwaza si kosa kisheria. Hebu mweleze hivyo mtu mwenye wasiwasi. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshajiona kizimbani, na wanafunzi wangu wakisambaza picha. Kwa hivyo sonona ikanipa jibu, na wasiwasi ukaniamuru nilifiche. Ndiyo maana nasema kuzitibu moja moja ni kujidanganya. Ile iliyo juu inaifunika ile inayoua.

Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilikuwa kwenye matatu niliposoma, na nililia, na kondakta akaniuliza kama nimeibiwa. Katiba tuliipitisha 2010, na ndani yake ni haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Jopo la serikali lilipendekeza 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022. Karatasi tunazo. Lakini kuna watu waliandika 0 miaka hiyo yote, na wengine wao hawakupata kusoma habari hiyo kwenye matatu.

Aliyenitoa hapo ni muuguzi wa zahanati ya umma, mama wa makamo, foleni yake imefika nje. Alizitazama fomu zangu nilizokuja nazo kwenye bahasha, akaziweka chini ya daftari, akauliza: "Mwalimu, usiku unawaza nini?" Hakuuliza kama nina mawazo. Nilimwambia yote. Hakuandika kwanza. Foleni ilinung'unika, akaenda akafunga mlango, akarudi akaketi. Alitaka kujua kama niko salama usiku huo, na nani atakuwa nami nyumbani, na akampigia Mama Neema mbele yangu, kwa ruhusa yangu. Dakika 20 hivi.

Dawa nitaipitia haraka kwa sababu mimi si daktari, ila kuna jambo moja wagonjwa hatuambiwi. Kuna dawa zinazotibu vyote viwili. Nilianzishiwa fluoksetini mara mbili. Mara ya kwanza, kwingine, hakuna aliyenieleza kitu, na siku ya nne wasiwasi ukapanda badala ya kushuka, nikaziacha siku ya tano nikaapa kwamba dawa za akili ni sumu. Mara ya pili yule muuguzi na daktari wake waliniambia mapema: siku za mwanzo unaweza kuhisi kutotulia zaidi, ikizidi uje, nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa, usiache ghafla. Vidonge vile vile. Nikavumilia kwa sababu nilijua ninachovumilia. Zile za kulala nilizokuwa nauziwa kwenye duka la dawa bila karatasi, diazepamu, zilinituliza kweli, zikailaza hofu usiku mmoja na kuiachia sonona nyumba nzima, na mwili ulikuwa umeanza kuzizoea. Mazungumzo nayo yalisaidia nusu yake. Nilikuwa nalipa shilingi 3,000 kwa saa moja mjini hadi nikashindwa. Mtu akikuambia "tafuta msaada", muulize yeye anausaidiaje huo utafutaji.

Sijapona kama mtu anavyopona homa. Kuna wiki nzuri, na kuna wiki za saa kumi.

Na kuna jambo la aibu. Kwa miaka miwili, 2021 na 2022, rekodi za kazini zinaonyesha niliugua malaria mara sita. Nakuru. Mji wa baridi ambao hata mbu wake wanavaa sweta. Afisa wa kliniki mmoja ndiye aliyenipa wazo hilo, kwa huruma: "Nikiandika ile yenyewe watakuandama. Tuweke malaria." Mwalimu Mkuu akanipa pole ya malaria, na walimu wakanichangia matunda ya malaria. Laiti ningeandika mawazo, ningepewa kikao. Shuleni kwetu mwalimu wa ushauri nasaha ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, na ana vipindi 27 kwa wiki. Mtoto anaambiwa amfungulie moyo mtu atakayemwandikia barua ya kumwita mzazi.

Mimi nimeshafundisha vijana wengi sana wenye "malaria". Najua sasa. Msichana wa dawati la nyuma aliyeandika insha ya mistari minne halafu akachora mistari mingine hadi chini ya ukurasa, nilimpa 3 juu ya 20 na nikaandika kwa wino mwekundu, "Jitahidi". Kijana aliyekuwa anakwenda msalani kila kipindi cha kusoma kwa sauti, nilimwita mtoro mbele ya darasa. Nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule ule, na sikuwaona. Hilo ndilo linanifanya nisiwe na subira na wanaosema tungoje wataalamu waongezeke. Waongezeke, ndiyo, haraka, na wapelekwe kwenye zahanati za kata, si Nairobi tu. Lakini zahanati ya kata ina benchi tayari. Shule ina mti na kivuli. Kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa wiki chache, anayelipwa hata kidogo, aliyeondolewa kwenye kamati ya nidhamu, na karatasi ya likizo ya ugonjwa inayoruhusu neno la kweli kuandikwa.

Nilitaka kuandika hili tangu mwaka jana. Nilikuwa naliahirisha, mnajua kwa nini, na kila siku niliyoliahirisha ikawa sababu ya kuliogopa. Sauti yangu mwenyewe juu ya ubao wa pasi ndiyo iliyonikalisha chini.

Jumapili iliyofuata nilipiga pasi mapema. Saa mbili, kama kawaida, Neema akasema tumbo. Nikazima taa ya sebuleni nikaenda nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, miguu yangu ikiwa mirefu kuliko nafasi iliyopo, na nikamuuliza tumbo linasemaje.

Akafikiri. Akasema, "Linajua kesho ni Jumatatu."

Nikamuuliza linajua nini kingine.